Jedwali la Medali la Michezo ya Afrika Tangu 1965

Kila yanapomalizika mashindano makubwa ya michezo ya bara la Afrika, kinachobaki katika magazeti na katika vichwa vya watu ni jedwali moja fupi. Upande wa kushoto pana majina ya nchi. Upande wa kulia pana safu tatu za hesabu, ya dhahabu, ya fedha na ya shaba, na mwisho jumla yake. Nchi iliyo juu husifiwa, na viongozi wa michezo wa nchi iliyo chini huulizwa kulikoni. Wanamichezo wenyewe, waliokimbia, waliopigana ngumi na waliopiga mbizi, hawamo katika ukurasa huo. Kila mmoja amegeuka kuwa sehemu ya tarakimu. Jedwali hili limetungwa kwa namna moja tangu michezo ya kwanza iliyofanyika Brazzaville katika mwezi wa Julai 1965, na kwa sababu hiyo mtu huvutwa kuyapanga majedwali yote kwa mfululizo na kuyasoma kuwa ndiyo historia ya nguvu za mataifa ya Afrika katika michezo. Usomaji wa namna hiyo una upungufu mkubwa. Jedwali la medali ni hati, na kama hati nyingine yoyote lina kanuni za kuandikwa kwake, na lina mambo lisiyoyataja.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwani yana habari ndani yake. Kiswahili kilikuwa na neno nishani muda mrefu kabla ya kupata neno medali. Nishani asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni alama. Watu wa pwani walilitumia kwa dalili, kwa shabaha ya kulengea, na kwa pambo la heshima ambalo mtawala humvisha mtu aliyempendeza. Masultani wa Unguja walikuwa na nishani yao ya nyota, iliyoanzishwa katika zama za Sayyid Barghash aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888. Nishani ya namna hiyo hutolewa kwa hisani. Haigombewi mbele ya watu, wala hapana aliyewahi kukaa akajumlisha nishani za mji mmoja na kuzilinganisha na za mji wa pili. Medali, neno lililotoka katika Kiingereza, hutolewa kwa sheria: aliyefika kwanza hupewa, apendwe au asipendwe. Wako waandishi ambao hata sasa husema nishani ya dhahabu wakizungumza habari za mbio, na hawakosei. Lakini neno lililoshika katika habari za michezo ni medali, na yaonekana sababu moja ni kwamba medali huhesabika. Neno shaba nalo lataka maelezo kidogo. Kwa Mswahili shaba ni madini yenyewe, na pia ni mchanganyiko wake na madini mengine, kwa hiyo medali ya tatu, ambayo kwa kweli ni shaba iliyochanganywa na bati, haikuhitaji jina jipya. Na jedwali, kwa Kiarabu, ni orodha iliyopigwa mistari, na pia ni kijito cha maji. Maana hiyo ya pili haikuvuka bahari.

Sasa kanuni ya mpango. Nchi hupangwa kwa idadi ya dhahabu. Zikilingana kwa dhahabu, hutazamwa fedha. Zikilingana kwa fedha, hutazamwa shaba. Huu ndio mpango wa kamusi. Katika kamusi neno linaloanza kwa herufi b hutangulia kila neno linaloanza kwa herufi d, na herufi zinazofuata, ziwe nyingi namna gani, haziwezi kubadili jambo hilo. Herufi ya pili haina kauli mpaka ya kwanza ziwe sawa. Vivyo hivyo, nchi yenye dhahabu moja tu, bila fedha wala shaba, hukaa juu ya nchi yenye fedha 10 na shaba 20. Mtunga kamusi ajua kwamba mpango wake ni wa kumsaidia mtu atafute neno, na hapana msomaji wa kamusi adhaniye kwamba neno lililotangulia lina thamani kuliko lililofuata. Msomaji wa jedwali la medali hufanya kosa hilo hilo kila siku, naye hufanya hivyo kwa moyo wote.

Ipo mipango mingine. Magazeti ya Marekani kwa muda mrefu yamezoea kupanga nchi kwa jumla ya medali zote, na wako waliopendekeza kila medali ipewe alama, dhahabu tatu, fedha mbili, shaba moja. Kila mpango hutoa ngazi tofauti kwa mashindano yale yale. Halmashauri ya Kimataifa ya Olimpiki, katika katiba yake, imekataza kabisa kutungwa kwa orodha rasmi ya kupanga nchi kwa daraja, kwa hoja kwamba mashindano ni baina ya watu na timu, si baina ya dola. Katazo hilo halikuzuia kitu. Wanahabari waliendelea kuhesabu, wenye michezo wakaendelea kuwapa hesabu, na serikali zikaendelea kuzingoja.

Mawazo ya michezo ya Afrika ni ya zamani kuliko uhuru. Katika 1923, mkutano wa Olimpiki uliofanyika Roma ulipokea shauri la Pierre de Coubertin, mwanzilishi wa Olimpiki za sasa, la kuwa na michezo ya bara la Afrika. Ilikusudiwa ifanyike Algiers katika 1925, ikashindikana. Kisha ikakusudiwa Iskandaria, Misri, katika 1929. Kiwanja kilijengwa, lakini michezo haikuchezwa, kwa kuwa serikali za Uingereza na Ufaransa, zilizotawala sehemu kubwa ya bara, hazikuitaka. Mwafrika aliyeshindanishwa na Mzungu mbele ya watu, na hesabu ikaandikwa, lilikuwa jambo lenye hatari kwa utawala uliosimama juu ya madai ya daraja za watu. Basi ukurasa wa kwanza wa historia hii ni jedwali ambalo halikuandikwa.

Baada ya miaka thelathini hivi zilikuja zile zilizoitwa Michezo ya Urafiki: Antananarivo katika 1960, Abidjan katika 1961, na Dakar katika 1963. Nchi zilizotumia Kifaransa ndizo zilizokuwa nyingi, na Ufaransa yenyewe ilituma wanamichezo. Huko Dakar timu ya Senegal iliifunga timu ya ridhaa ya Ufaransa katika mpira wa miguu, jambo lililozungumzwa kwa miaka mingi. Ni hapo Dakar yalipokubaliwa mambo ya kuwa na michezo ya Afrika nzima, bila kujali lugha ya mtawala aliyepita, na Brazzaville ikapewa kazi.

Michezo ya Brazzaville ilianza tarehe 18 Julai 1965 ikamalizika tarehe 25. Walifika wanamichezo kama 2,500 kutoka nchi kama 30, na uwanja mpya ulijengwa, ambao baadaye ulipewa jina la Alphonse Massamba-Débat, aliyekuwa rais wa Kongo-Brazzaville wakati huo. Afrika Kusini na Rhodesia hazikualikwa, kwa ajili ya siasa zao za ubaguzi, na watu wa makoloni ya Ureno hawakuwa na bendera ya kuja nayo. Juu ya jedwali lilikaa jina la Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, yaani Misri, ambayo ilikuwa ingali ikitumia jina hilo ingawa Syria ilikuwa imekwisha kujitenga katika 1961. Ya pili Nigeria, ya tatu Kenya.

Kenya wakati huo ilikuwa na uhuru wa miezi kumi na tisa na ushei. Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1500 na za mita 5000, na mwezi mmoja tu baadaye, katika mji wa Helsingborg, Uswidi, alivunja rekodi ya dunia ya mita 3000. Wilson Kiprugut, aliyekuwa amekwisha kuipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 katika Tokyo mwaka 1964, alishinda Brazzaville katika mita 400 na mita 800. Gaoussou Koné wa Kodivaa alichukua mita 100 na mita 200. Watu watatu, dhahabu sita. Mtu akiwaondoa wawili wale wa kwanza, nafasi ya Kenya yabadilika kabisa, wala hapana chochote kilichobadilika katika nchi ya Kenya.

Lakini habari ya Brazzaville inayofaa kukumbukwa na kila asomaye jedwali ni ya mpira wa miguu. Katika fainali walikutana wenyeji Kongo na Mali. Mchezo ulikwisha bila bao, sifuri kwa sifuri. Desturi ya kupiga mikwaju ya penalti kuamua mshindi ilikuwa haijaingia. Basi zilihesabiwa kona, na Kongo ilikuwa na kona 7, Mali 2. Wenyeji wakavishwa dhahabu. Kwa mpango wa kamusi uliokwisha kuelezwa, baina ya dhahabu moja na fedha moja pana umbali ambao fedha nyingi haziwezi kuuvuka. Na umbali huo, siku ile, ulikuwa ni kona tano. Jedwali halina safu ya kona.

Michezo ya pili ilikuwa ifanyike Bamako katika 1969. Mnamo Novemba 1968 jeshi la Mali lilimpindua Rais Modibo Keïta, na shughuli ikavunjika. Lagos ikachukua, lakini Nigeria ilikuwa imo katika vita vya Biafra vilivyomalizika Januari 1970, na michezo haikuweza kufanyika mpaka Januari 1973. Kwa hiyo baina ya jedwali la kwanza na la pili pana miaka saba na nusu. Vijana waliokuwa na miaka ishirini katika 1965 walipita nguvu zao zote katika pengo hilo. Kuyapanga majedwali haya mawili jirani, moja chini ya jingine, kana kwamba mwendo ulikuwa mmoja usiokatika, ni kuficha kizazi kizima cha wanamichezo.

Keino alikuwamo Lagos, sasa akiwa na dhahabu mbili za Olimpiki. Katika mita 1500 alikutana na Filbert Bayi wa Tanzania, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyekimbia kama alivyokuwa akikimbia siku zote, yaani mbele tangu mlio wa bastola. Wenye kuujua mchezo waliuona mtindo huo kuwa ni upotevu wa nguvu. Bayi alishinda. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, aliifanya rekodi ya dunia ya mbio hizo hizo kwa dakika 3 na sekunde 32 na ushei, vile vile akitangulia mbele tangu mwanzo. Ben Jipcho wa Kenya naye alichukua Lagos mbio mbili, mita 5000 na zile za kuruka viunzi na maji. Katika jedwali la 1973 ushindi wa Bayi dhidi ya Keino umeandikwa tarakimu 1 chini ya dhahabu katika mstari wa Tanzania, na ni tarakimu iyo hiyo ambayo ingaliandikwa kama angalimshinda mtu asiyejulikana na yeyote. Hilo si lawama kwa jedwali. Hesabu haina namna nyingine ya kuandikwa. Ni onyo kwa anayetaka kuitumia kama kipimo cha mambo yaliyotendeka uwanjani.

Jedwali lenye mashaka kuliko yote ni la Algiers, Julai 1978. Uhusiano wa Misri na Libya ulikuwa mbaya sana, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zimepigana mpakani katika Julai 1977, na safari ya Rais Sadat kwenda Yerusalemu katika Novemba ya mwaka huo ilizidi kuwatenga Wamisri na majirani zao. Timu za nchi hizo mbili zilipokutana katika mpira wa miguu palitokea mapigano, na ujumbe wote wa Misri ukaondoka Algiers ukarudi nyumbani. Tunisia ndiyo iliyokaa juu ya jedwali. Si haki kusema kwamba Watunisia hawakustahili, maana walishinda waliyoyashinda mbele ya waliokuwapo. Lakini mtu atakayeandika kwamba katika 1978 Tunisia iliipita Misri katika michezo atakuwa ameandika jambo lisilopimwa. Algiers ilikuwa pia michezo ya Henry Rono, aliyekuja akiwa amevunja rekodi nne za dunia katika miezi ya Aprili mpaka Juni, akachukua dhahabu ya mita 10,000 na ya viunzi na maji, na ya Bayi, aliyeshinda tena mita 1500.

Mambo haya ya waliokuwapo na wasiokuwapo hayakuishia Algiers. Afrika Kusini ilikaa nje kwa miaka thelathini, na ilipokuja mara ya kwanza, Harare katika 1995, ilikwenda moja kwa moja mpaka juu ya jedwali. Ikafanya hivyo tena Johannesburg katika 1999 na Maputo katika 2011. Moroko ilijitoa katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1984 kwa sababu ya mambo ya Sahara ya Magharibi, na kwa muda mrefu haikuonekana katika michezo hii; ilirudi katika Umoja wa Afrika mnamo Januari 2017, na katika 2019 michezo ikafanyika Rabat. Basi ushindi wa Misri wa Kairo mwaka 1991 ulipatikana Afrika Kusini haipo na Moroko haipo. Ushindi wa Afrika Kusini wa 1995 nao ulipatikana Moroko haipo. Kila jedwali lingepaswa kuwa na mstari chini yake wa kutaja wasiokuwapo, kama vile mwandishi mwangalifu wa nasaba atajavyo matawi ambayo habari zake hakuzipata.

Jambo jingine ni la mwenyeji. Misri iliongoza ilipokuwa mwenyeji katika 1991, Afrika Kusini katika 1999, Nigeria katika 2003 huko Abuja. Na Abuja ndiyo mara pekee tangu Harare mpaka leo ambayo jina lililo juu halikuwa la Misri wala la Afrika Kusini. Watu husema ni kelele za watazamaji, na hapana shaka zina nguvu yake, lakini sababu kubwa ni ya fedha na ya nauli. Mwenyeji halipi ndege. Aweza kuingiza watu katika kila mchezo, hata ile ambayo angekuwa ugenini asingeipelekea mtu, na katika michezo yenye washindani wachache kuingia peke yake ni nusu ya medali. Pia mwenyeji huwa na kauli katika michezo itakayochezwa. Lakini wenyeji hawafanani. Nairobi ilipokea michezo katika Agosti 1987, baada ya kuahirishwa tangu 1982, ikajenga uwanja wa Kasarani kwa msaada wa China. Kenya ikafika fainali ya mpira wa miguu ikafungwa na Misri bao 1 kwa 0, na Misri ndiyo iliyokaa juu ya jedwali. Maputo ilipokea katika 2011 mzigo ambao Zambia ilikuwa imeutua kwa kukosa fedha. Hapana aliyetazamia Msumbiji iongoze, na haikuongoza. Uenyeji huzidisha nguvu iliyokuwapo. Nchi isiyokuwa na waogeleaji haiwapati kwa kuchimba bwawa.

Hapo pafikiwa jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni namna medali zinavyogawanywa baina ya michezo. Katika michezo ya Algiers ya mwaka 2007, Kirsty Coventry wa Zimbabwe alishinda dhahabu saba za kuogelea: mbio mbili za mitindo iliyochanganywa, mbili za mtindo huru, na tatu za mgongo. Katika michezo hiyo hiyo timu ya Kameruni ilichukua dhahabu ya mpira wa miguu, mara ya tatu mfululizo na mara ya nne kwa jumla. Kwa jedwali, kikosi kizima cha Kameruni, pamoja na walinda mlango wake na wachezaji wa akiba, ni dhahabu moja, na mwanamke mmoja ni dhahabu saba. Sifa ya Coventry haipungui kwa kusemwa hivyo; ni mwogeleaji mkubwa aliyepata kuzaliwa Afrika, na katika 2025 alichaguliwa kuwa mkuu wa Halmashauri ya Kimataifa ya Olimpiki, wa kwanza kutoka bara hili na mwanamke wa kwanza. Kinachosemwa ni kwamba bwawa lina mashindano arobaini na zaidi, na uwanja wa mpira una mawili, la wanaume na la wanawake.

Kunyanyua uzito ni mfano mwingine. Katika Olimpiki kila kundi la uzito lina dhahabu moja, ya jumla ya minyanyuo miwili. Katika mashindano mengi ya mabara, na ya Afrika yamo, hutolewa dhahabu ya mnyanyuo wa kwanza, ya mnyanyuo wa pili, na ya jumla, yaani mtu mmoja katika saa moja aweza kuipatia nchi yake dhahabu tatu kwa kazi ambayo kwingine ingempa moja. Nchi yenye walimu wa mchezo huo na vyumba vya kufanyia mazoezi, kama Misri, huvuna hapo mavuno makubwa. Kwa upande wa pili watazame wakimbiaji wa mbio ndefu wa Kenya na Ethiopia. Mbio kutoka mita 800 kwenda juu, za wanaume na wanawake pamoja, ni kama kumi na mbili tu, na nchi kwa kawaida hairuhusiwi kuingiza watu zaidi ya watatu katika mbio moja. Hata kama wako Wakenya ishirini wawezao kushinda, kumi na saba watabaki nyumbani. Pana dari, na Kenya imekuwa ikiigusa kwa kichwa tangu siku za Keino. Ndiyo maana nchi ambayo jina lake, duniani kote, ni sawasawa na mbio, haijawahi hata mara moja kuongoza jedwali la michezo ya bara lake.

Mtu aweza kudhani haya ni mabishano ya wahesabu, yasiyo na athari. Athari zipo. Wizara inayotaka kupanda katika jedwali hufanya hesabu iliyo rahisi: yataka fedha kiasi gani kupata dhahabu moja, na ni mchezo gani wenye dhahabu nyingi na washindani wachache. Jibu la hesabu hiyo mara nyingi si mpira wa miguu, wala wa wavu, wala wa kikapu, ambayo ndiyo michezo ya watoto wa mitaani na wa shuleni, na ambayo yahitaji watu wengi kwa medali moja. Jibu ni michezo ya mtu mmoja mmoja yenye makundi mengi ya uzito. Hivyo jedwali, lililoanza kuwa kumbukumbu ya yaliyotokea, huwa ramani ya matumizi ya fedha za umma, na kanuni iliyotungwa kwa ajili ya nafasi ya gazeti huamua ni mtoto gani atapata mwalimu.

Haya yote yasimfanye mtu afikiri kwamba jedwali ni uongo mtupu. Misri iliongoza katika 1965, na imeongoza Kairo 1991, Algiers 2007, Brazzaville ilipopokea michezo tena katika 2015, Rabat 2019 ambako dhahabu zake zilipita mia, na Accra. Jambo linalorudi mara nyingi namna hiyo, katika miji tofauti, Afrika Kusini ikiwapo na isipokuwapo, Moroko ikiwapo na isipokuwapo, si la bahati. Laonyesha nchi yenye vilabu vya siku nyingi, yenye mabwawa na kumbi, na yenye kuingiza watu katika karibu kila mchezo. Jedwali hupima upana huo vizuri. Lisiloweza kupima ni kimo: halimjui Bayi wala Rono, na huiweka nchi yenye mchezo mmoja mkubwa chini ya nchi yenye michezo ishirini ya wastani. Mwanahistoria akilisoma kwa jambo la kwanza atafaidika nalo sana, hasa akiliweka pamoja na orodha ya waliofika, idadi ya dhahabu zilizotolewa katika kila mchezo, na tarehe.

Tarehe nazo zataka uangalifu. Michezo ya Accra hujulikana kwa jina la mwaka 2023, na ndivyo ilivyoandikwa katika mabango na juu ya majedwali yake, Misri ya kwanza, Nigeria ya pili, Afrika Kusini ya tatu. Ilichezwa Machi 2024, na atakayezitafuta habari zake katika magazeti ya 2023 hatazikuta.